Shimo la Ndizi la Balozi

Duka la barabarani pale kisiwani Tanna halikuwa na paa tangu kimbunga kipite wiki mbili nyuma. Benchi lilikuwepo na sufuria ya kahawa ilikuwepo, kwa hiyo wenye benchi lao walihesabu kwamba mambo ya msingi yamenusurika. Walikuwa watatu. Iolu waliyemwita Barometa, maana hutabiri kimbunga kikishapita. Kapalu, mwenye pikapu isiyo na mafuta. Na Nauka, aliyeitwa Balozi tangu aende Nyuzilandi misimu mitatu kuchuma matufaha, akarudi na koti zito la baridi na maoni juu ya kila kitu.

Asubuhi hiyo Balozi alikuwa amejiponza. Merelin Tari, binti kutoka kisiwa cha Ambae, alipita akiandikisha kaya za kupewa mchele na samaki wa kopo. Alipouliza kama kijiji kina akiba yoyote, Balozi kichwa kikamvimba. Akamweleza kwamba wao si watu wa kulialia. Wana shimo la ndizi, zimefunikwa majani zikachacha, za kuliwa hata mwaka mzima bustani zikilala. Binti alifurahi, akaandika, kisha akasema kwa upole kwamba wenye akiba watasubiri meli ya pili.

Meli ya pili ilikuwa ya wiki sita mbele. Nyumbani Balozi alikuwa na watoto wanne na mihogo iliyolowa, ambayo mkewe alisema haivuki Alhamisi.

— Shemeji, wewe ulilishwa nini? — aliuliza Kapalu.

— Aliniuliza kwa heshima. Nimwambie sisi hatuna kitu?

— Ndiyo. Hapo ndipo ungenyamaza.

Na binti alikuwa anarudi saa nane kuliona hilo shimo lisilokuwepo. Barometa akashauri waseme limefurika maji. Kapalu akaona uongo huo umepungukiwa chumvi. Bora waseme mlima Yasur umetema jiwe, na jiwe likachagua kutua palepale. Barometa akapandisha dau: waseme ndizi zote zililiwa kwenye msiba. Alipoulizwa msiba wa nani, akajitolea kuwa maiti mwenyewe, ila mwisho saa kumi, kwa sababu ana nguruwe wa kulisha. Balozi, aliyekwisha kuona dunia, alipendekeza wamwonyeshe shimo lolote lenye harufu.

— La choo? — aliuliza Kapalu.

— Nimesema lolote.

Walikuwa bado kwenye suala la choo Merelin alipotokea, kabla ya saa nane. Alikuja na kijiko na bakuli dogo. Kapalu akammiminia kahawa iliyobaki, akampisha benchini.

— Bibi yangu alikuwa akizifukia — alisema Merelin. — Mara ya mwisho kuzila nilikuwa darasa la tatu. Kaka Nauka, nyinyi mnazifunika kwa majani gani?

Barometa akasema ya mgomba. Kapalu akasema hapana, ni ya msituni, yale mapana. Barometa akauliza mapana yapi. Wote wawili wakamgeukia Balozi, na Balozi akafungua kinywa. Akamwona bibi yake ameinama shimoni, mgongo wake na mikono yake, lakini mikononi hakuona jani. Siku hizo yeye alikuwa akikaa mbali, kwa sababu ya harufu. Kisha mchele wa magunia ukaanza kuja baada ya kila kimbunga, na bibi akazeeka, na hakuna aliyemuuliza.

Kapalu akatazama pikapu yake.

— Futa, dada — alisema Balozi. — Andika hatuna shimo. Hatuna kitu.

Merelin akafungua daftari, akatafuta jina la kijiji, akakipeleka kwenye meli ya kwanza. Kisha akakaa na kalamu mkononi.

— Mimi nilitaka kuyajua hayo majani — alisema. — Kwetu aliyekuwa akijua hayupo tena. Nilidhani kwenu yupo.