Mwana wa Kwanza Ameshuka Tena

Kijiwe cha Lindi, Kibera, kina benchi moja la chuma, na aliyelichomelea ni Mukhwana, fundi wa milango. Hapo wanamwita Chuma, kwa sababu miaka sita hakuna aliyemwona akilia wala akitetemeka. Hukaa mwisho wa benchi, upande wa njia, na wenzake hudhani anapenda upepo. Asubuhi hiyo jeneza la mama yake lilikuwa tayari ndani ya basi, pale barabarani, likingoja safari ya Kimilili. Wazee wa nyumbani walishasema: mwana wa kwanza aingie bomani pamoja na mama. Chuma alikuwa amepanda mara mbili. Mara mbili mlango ulipofungwa moyo ulimwenda mbio, pumzi ikakatika, akajua anakufa, akashuka. Sasa alikuwa kwenye benchi, kikombe kikimgonga meno, na majirani wakimtibu kwa mdomo.

— Hiyo ni gesi, — alisema Daktari, anayeuza mitishamba na hajui lango la chuo linafanana vipi. — Jana kwa matanga alibugia maharagwe sahani mbili. Si nilimwona?

— Gesi gani, wewe! — Profesa, mlinzi mstaafu, akaruka. — Tangu mathe aende, huyu hajalia. Machozi imerudi ndani, imejaa kwa mapafu. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Sasa hiyo inaingiana aje?

— Ainame, alie!

— Nyinyi hamjui kitu, — alisema Risper, akimimina kahawa. — Marehemu mwenyewe ndiye amegoma. Sufuria yake ya ugali imebaki kwa nyumba. Mama wa Kibukusu aende nyumbani bila sufuria?

— Ama ni hiyo mlingoti ya simu, — Daktari akasema. — Inavuta damu ya watu wa damu moto.

Wakacheka, na Chuma akacheka nao. Kicheko kilimuuma kifuani. Yeye alijua. Mwaka uliopita daktari wa kweli alimwambia moyo wake ni mzima, huu ni ugonjwa wa hofu: ukija unajiona unakufa, kisha unapita. Karatasi aliisukuma chini ya godoro. Fundi wa milango atamwambia nani kwamba mlango ukifungwa anaogopa? Basi akawa anameza, anatania, anakaa upande wa njia.

— Buda, jikaze tu, — alisema Profesa. — Haba na haba hujaza kibaba.

Dereva wa basi, Simeon, alikuja kwa miguu kumwita. Alimtazama Chuma, akatazama kikombe kinavyotetemeka, akachuchumaa mbele yake.

— Pole, ndugu. Siku zingine hii kitu ikikushika, nani hukutuliza?

Daktari alichungulia kikombe chake. Profesa alitafuta methali, akaikosa. Miaka sita wamekaa bega kwa bega na huyu mtu, na hawakujua.

Chuma alijua. Mama alikuwa akija bila kuuliza neno, anachukua kiganja chake cha kushoto na kukibonyeza kwa kidole gumba, polepole, mpaka pumzi irudi.

— Yuko kwa basi, — akasema, na kijiwe kikamwona akilia.

Risper aliinamisha birika amwongezee kahawa, lakini ilikuwa imeisha.

Simeon alimshika mkono wakaenda pamoja hadi kwenye ngazi ya basi. Dada yake Immaculate alikuwa ameketi kando ya jeneza, nafasi ya mwana wa kwanza ikiwa wazi. Chuma aliweka mguu mmoja ndani, akautoa. Akauweka tena. Simeon alingoja alivyoweza, kisha akafunga mlango na kuondoka bila yeye, maana Kimilili ni mbali na kaburi limeshachimbwa.

Mukhwana alirudi mahali pake mwisho wa benchi. Hakuna aliyemtibu tena. Alichukua kiganja chake cha kushoto akakibonyeza kwa kidole gumba chake mwenyewe, polepole, kama mama. Hakikuwa kidole kile.