Jina Moja Lililobaki Kwenye Ubao wa Mzee Joackim Kahangwa

Ni nani kati yetu aliyegonga mlango wa Mzee Joackim Kahangwa alipokuwa mgonjwa? Kila mtu ajijibu moyoni mwake kwanza, ndipo tusikilize mtu huyu alikuwa nani.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Mei 1947, Ijuganyondo, Bukoba, mtoto wa tatu wa Mzee Apolinary na Mama Renatha, wakulima wa migomba na kahawa.

Alianza shule Kahororo mwaka 1956. Mwaka 1961, akiwa darasa la sita, alitolewa shuleni akachume kahawa. Mwezi mzima alikaa upenuni akitazama njia, akiamini mwalimu atakuja kumwulizia. "Hakuja hata mbwa wa mwalimu," alipenda kusema, na wajukuu wakacheka naye. Hawakujua kwamba bado alikuwa anaitazama njia ile.

Alijifunza useremala mjini Bukoba, na mwaka 1972 akahamia hapa Ngenge, Muleba. Alichaguliwa kuingia kamati ya shule ya msingi mwaka 1991. Sekondari yetu ya kata ilipofunguliwa mwaka 2006, akawa mjumbe wa bodi yake mpaka mauti. Wajumbe wengine walifika siku za vikao. Yeye alifika kila Jumatatu. Walimu wakishaita majina, aliwaomba majina ya wasiofika, akayaandika kwa penseli ya fundi juu ya kipande cha ubao. Kisha akashika fimbo yake ya kutembelea, akaenda nyumba kwa nyumba. Mtoto akirudi darasani, Mzee alichukua randa akaliondoa jina lake. Baadhi ya mbao zile zilibaki nyembamba kama biskuti. Sisi tuliosoma vyuoni tunaandika ripoti za utoro. Yeye aliufuata utoro kwa miguu, miaka thelathini na mitatu, bila posho na bila picha ukutani.

Tarehe 8 Februari 1975 alifunga ndoa na Evelyne, wakajaliwa watoto wawili, Elieth na Pastory. Bibi Evelyne alifariki mwaka 2011. Watoto walikwisha kwenda mbali kutafuta maisha, na nyumba ikawa ya mtu mmoja. Hata hivyo Mzee hakuacha kuweka mezani kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama desturi yetu ya kumpokea mgeni. Kahawa ya mwisho aliyoiweka ilikutwa imeshika vumbi, haijaguswa.

Tarehe 5 Oktoba 2024 alivuka ziwa kwenda kisiwani kumfuata Limi, mwanafunzi wa kidato cha pili. Baba yake, mvuvi Mashimba, alimzuia huko aanike dagaa, na mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia. Mashimba alimwambia, "Mzee, dagaa hawangoji mtihani. Huna wajukuu wa kusumbua?" Mzee akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akamwonyesha ubao, hakuondoka mpaka jioni. "Haya, umeshinda," Mashimba akasema. "Jumatatu ya tarehe ishirini na moja nitamleta. Nenda, utanyeshewa." Alinyeshewa kweli, njia nzima.

Alirudi na homa, ikageuka nimonia. Jumatatu ya tarehe 14, kwa mara ya kwanza, hakuonekana shuleni. Hakuna aliyeandika jina lake popote. Mjukuu wake Rwegasira, anayesoma wasifu huu, alikuwa chuoni Bukoba. Alipiga simu siku tatu bila kujibiwa, akaja Ijumaa, akamkuta kitandani.

"Babu, kwa nini hukumwita mtu?"

"Nilidhani watakuja."

Alipelekwa hospitali. Jumapili tarehe 20 Oktoba, mchana, aliuliza, "Limi bado?" Akajibiwa, "Bado, babu." Saa kumi alasiri alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sabini na saba.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, dada yake Agnes, na watu wazima wengi wa kata hii ambao majina yao yaliwahi kukaa kwenye ubao wake.

Kesho yake asubuhi, Jumatatu, uani kwake kulikuwa kumejaa watu waliokuwa hawajafika miaka. Mashimba akaingia, amemshika Limi mkono, sare imepigwa pasi.

"Hodi wenyewe. Mwiteni Mzee, nimemleta mtu wake."

Jirani, Mzee Rutaihwa, akainuka. "Pole, Mashimba. Mzee ametutoka jana."

Mashimba akauliza, "Ule ubao wake uko wapi?"

Rwegasira akautoa ndani. Lilikuwa limebaki jina moja tu. Mashimba akauweka juu ya meza ya fundi, akachukua randa.

"Weka chini hiyo!" Rutaihwa akamkemea. "Penye msiba hatushiki jembe wala chombo chochote cha kazi. Huko kwenu hamna mila?"

"Nitozeni faini, wazee wangu. Lakini jina la mwanangu halitalala hapa."

Akapitisha randa mara mbili. Hakuna aliyemzuia. Limi akaliokota lile ganda jembamba la mbao lililodondoka, akalitia ndani ya daftari lake, akashika njia ya shuleni.

Bwana ampumzishe Mzee Joackim mahali penye watu.