Josphat Gachau Ndung'u, Fundi wa Kidoti Chekundu (1966–2025)

Huyu tunayemrudisha leo kwenye udongo wa Gatuanyaga alizaliwa hapa hapa, tarehe 14 Agosti 1966, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Ndung'u na marehemu Warigia. Mama yake alikuwa akisema kwamba huyu alizaliwa macho wazi, akimkagua mkunga. Mjane wake, Ngendo, ametaka wasifu huu usipambwe wala usipunguzwe, basi tutausoma vile alivyotaka.

Alianza shule ya msingi mwaka wa 1974, akasoma sekondari Thika kuanzia 1981 hadi 1984. Darasani hakuwa wa kutisha. Aliwahi kufungua miwani ya mwalimu wa hesabu ili aisafishe, akairudisha bila skrubu moja, akachapwa ipasavyo. Skrubu hiyo aliitafuta chini ya madawati siku tatu mpaka akaipata. Ndiye huyo Gachau.

Mwaka wa 1986 Mzee Ayub, fundi wa kamera mjini Thika, alimchukua akamfundisha kazi ya lenzi. Kazi ya kamera ilipokufa, Gachau aligeukia darubini, kisha vilengeo vya wanachama wa klabu moja ya shabaha upande wa Ruiru. Kilengeo chenyewe ni kijisanduku cha kioo kinachofungwa juu ya bunduki. Ukichungulia unaona kidoti chekundu, na kidoti kinapokaa ndipo risasi inapokwenda.

Wateja wengi walikuwa na lalamiko moja. Bwana Njau, ambaye yuko nasi hapa, aliingia dukani kwa Gachau mwaka wa 2019 akiwaka. "Gachau, hii kitu uliniuzia ni takataka! Kidoti kina mkia, kina miiba, ni kama nyanya imekanyagwa!" Gachau alikichukua kilengeo. Alipangusa lenzi, akapunguza mwangaza, akakipiga picha kwa simu kupitia kwenye kioo. Pichani kidoti kilikuwa cha mviringo, safi. Kisha akamwambia Njau achungulie huku yeye akizungusha kilengeo polepole.

"Huo mkia unazunguka?"

"Haiya! Umekaa pale pale."

"Ungezunguka, shida ingekuwa ya kifaa. Umekaa, basi ni jicho lako. Nenda ukapimwe." Njau alirudi na miwani mipya na kilo mbili za nyama kutoka Kamakis, na neno takataka hatukulisikia tena.

Tarehe 7 Desemba 1991 Gachau alimwoa Ngendo kanisani Ruiru. Walijenga nyumba mtaa wa Kimbo, wakajaliwa Ndung'u na Becky. Ngendo alikaa kwenye kaunta ya duka miaka ishirini na zaidi bila kuchungulia kilengeo hata kimoja. Alikuwa akiogopa chochote kinachohusu bunduki, na mumewe hakuchoka kumtania: "Mama Becky, hicho ni kioo tu. Hakiumi."

Asubuhi moja ya Juni 2024, Gachau alikaa na kilengeo kipya mkononi kwa muda mrefu mno. Alikuwa anaona vidoti viwili. Alipangusa lenzi, akapunguza mwangaza. Akakizungusha, kidoti cha pili hakikusonga. Akainamisha kichwa chake mwenyewe, hakikusonga. Akafumba jicho moja, kisha lingine, na bado vilikuwa viwili. Picha ya simu ilionyesha kimoja. Mteja yeyote angetumwa hospitali hapo hapo. Lakini kibali chake cha kazi kilikuwa kinafanywa upya mwezi uliofuata, na fundi wa lenzi asiyeona sawasawa nani atamletea kazi? Alimwita mkewe.

"Mama Becky, hebu njoo uangalie. Unaona vingapi?"

Ngendo alichungulia kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliona kimoja. Alikuwa pia ameuona uso wa mumewe, na hofu ya namna ile hakuwahi kuiona hapo. Akasema, "Viwili."

"Cha pili kiko wapi?"

Akabahatisha. "Kushoto, chini kidogo."

Gachau alikichukua, akachungulia tena. Halafu akacheka mpaka machozi yakamtoka, kwa sababu ndipo hasa alipokuwa akikiona yeye. Ngendo hakucheka. Mpaka leo hajui maneno yale aliyatoa wapi.

Basi ikawa kosa ni la kifaa. Alikifungua mara tatu, akakifunga mara tatu. Becky alipombembeleza akapimwe, alijibu, "Simu inaweza kukosea. Mama yako hajawahi kunidanganya." Kufika Oktoba alikuwa anakiona kidoti hata kilengeo kikiwa kimezimwa na betri imetolewa. Alikiona ukutani, akakiona kwenye sufuria ya chai. Siku moja alikiona kwenye shati la Salim, jirani wa duka, akamsihi asogee kando. Salim alisogea, akijaribu kucheka. Kila siku Ngendo alipanga kusema ukweli. Kila siku aliogopa ataulizwa alijuaje upande, akanyamaza.

Tarehe 20 Januari 2025 Gachau alianguka dukani. Hospitalini walikuta uvimbe nyuma ya kichwa, pale ubongo unaposomea yale ambayo macho yameona. "Macho yenyewe ni mazima kabisa," daktari alisema. "Angekuja miezi sita mapema, tungejaribu kuutoa." Hiyo miezi, Ngendo ndiye aliyeisikia kuliko mtu yeyote chumbani.

Jumanne, tarehe 11 Machi, saa nane na dakika arobaini mchana, wodi ikiwa imejaa jua, Gachau aliinua kidole.

"Kimeniacha. Kimekaa pale mlangoni. Unakiona?"

"Nakiona," Ngendo akasema, akimshika mkono.

Alishusha pumzi, na hakuzungumza tena. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Ameacha mke wake Ngendo, watoto wake Ndung'u na Becky, mkaza mwana Mitchell, mjukuu mmoja, dada yake Beth, na mwalimu wake Mzee Ayub, ambaye hakutarajia kumzika mwanafunzi.

Ngendo hataweza kusimama kuongea. Ameandika maneno machache ambayo anataka mumewe asomewe kabla udongo haujarudishwa, nasi tunayasoma yalivyo:

"Baba Becky, nisamehe. Siku ile dukani kilikuwa kimoja. Nilikudanganya kwa sababu nilikupenda na niliogopa, na uwongo wangu ndio uliokuweka nyumbani miezi yote ile. Lakini ile siku ya hospitali sikukudanganya. Nilikiona, mlangoni, chekundu, na nilipokuwa nikifunga macho yako kilikuwa bado kinaningoja nipite. Wewe lala sasa, mume wangu, upumzike kwa amani."