Mama Shikilia na Kichanga wa Kilo Mia Nne

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya kuichelewesha hospitali yetu, Mama Shikilia anastaafu. Neno "kuichelewesha" si langu, ni la uongozi, uliompenda hadi ukampa ofisi inayopakana na choo.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo tu. Programu mpya ya wodini hufunga kila taarifa, tuseme uzito wa mtoto, kwenye kifurushi chenye jina, tarehe na mbwembwe zake. Programu ya zamani, inayoendesha vitanda vya joto vya watoto njiti, haitaki mbwembwe. Inataka namba tupu. Mama ndiye aliyeandika daraja, programu ndogo ya kufungua kifurushi, kutoa namba na kuivusha. Tena aliweka humo mstari mmoja wa kukishikilia kifurushi mpaka upande wa pili umalize kusoma, maana programu mpya ina mfagiaji wake, na akikuta kitu hakijashikwa anakitupa na kuweka kingine palepale. Kila aliyeajiriwa aliimbiwa wimbo uleule: shikilia kwanza, mwenzio hajamaliza. Ndipo jina likamganda.

Mwaka juzi mkuu wetu wa mifumo aliona kushikilia ni kupoteza muda. Siku ya kuwaonyesha wageni mfumo, akaufuta mstari ule mmoja. Lo, mfumo ulikwenda mbio! Mbio hizohizo kitanda kikasoma namba ya kitu kingine, kikatangaza kwamba kichanga aliyemo ana kilo mia nne, na muuguzi akauliza kama alete winchi. Bahati nzuri alikuwa mwanasesere. Mama aliurudisha mstari, kisha akatusema wiki nzima, hadi mlinzi wa getini ambaye hakuhusika. Mkuu akapewa cheti cha ubunifu.

Sasa vinakuja vitanda vipya, na humo watalala watoto halisi. Mama aliomba abaki miezi mitatu amfundishe binti anayempokea. Uongozi ukasema sheria ni sheria, ukamnunulia saa ya ukutani. Binti amefika katikati ya kulisoma daraja na anaogopa. Mimi pia naogopa, sioni haya kusema. Kosa ni lilelile, ila safari hii kinachoachiwa mapema si kifurushi, ni Mama mwenyewe, nasi hatujamaliza kusoma.

Ahsante, Mama, kwa kila kichanga aliyepata joto lake sawasawa. Kalale mpaka jua likukute kitandani, wajukuu wakuchoshe kwa raha, na hiyo saa usiitazame kabisa. Maisha yakunyookee. Ila simu, tafadhali, usiizime.