Wafuaji Waomba Meza Yao Ibaki

Mgeni rasmi, mkurugenzi wa hospitali yetu. Msimamizi wetu, ambaye leo amevaa tai tusiyowahi kuiona. Na ndugu wote mliokubali kukalia mabenchi yenye unyevu: karibuni chumba cha kufulia. Joto mtalizoea.

TULIKOTOKA
Tuko kumi na wanne. Tunafua, tunakausha na kukunja shuka za wodi zote. Shuka kubwa humshinda mtu mmoja, kwa hiyo tangu mwanzo tunakunja wawili wawili kwenye meza ya kukunjia, tukitazamana, na midomo haikai bure. Muuguzi wa afya ya akili alipotufundisha dalili za sonona, tulikubaliana kwamba ukimwona mwenzako hayuko sawa, unamuuliza hapo hapo mezani.

MAFANIKIO, NA KOSA MOJA
Mwaka jana Mama Pasi, mwenye ulimi mkali kuliko pasi yake, alifiwa na dada yake. Aliporudi kazini tulimwonea huruma, tukampa chumba cha nyuma apige pasi peke yake, apumzike mbali na kelele zetu. Kumbe kule nyuma alisikia vicheko vyetu akadhani tumemchoka. Chakula chake kikawa kinarudi nyumbani kama kilivyokuja. Siku msimamizi alipovaa shati nje ndani, Mama Pasi alipita bila kusema neno. Hapo ndipo tuliposhtuka.

Mwenza wake wa mezani, tunayemwita Kimya, alimfuata na shuka mkononi.

"Dada, shika huku."

"Niache, sina nguvu."

"Nguvu ninazo mimi. Wewe shika tu."

Akashika. Shuka ya tatu, alilia. Ya kumi, alisema usiku hapati usingizi, na asubuhi haoni sababu ya kuamka. Mchana ule ule Kimya alimsindikiza kwa muuguzi, ambaye alisema wamewahi, sonona ilikuwa bado haijaota mizizi. Leo Mama Pasi yuko hapa, na ile tai ameshaikosoa. Tuna furaha kubwa, wala hatuoni haya kuisema.

CHANGAMOTO
Mgeni rasmi, leo unatuzindulia mashine ya kukunja shuka. Tunashukuru, na migongo yetu inashukuru zaidi. Ila mchoro uliobandikwa mlangoni unaonyesha mashine imekaa mahali pa meza, na kila mmoja wetu amepangiwa kona yake, ameelekea ukutani.

OMBI
Mashine ibaki. Tunaomba meza moja nayo ibaki, na nusu saa kila asubuhi ya kukunja wawili wawili. Nafasi ikibana, ondoeni makabati yetu. Nguo tutatundika misumarini.

Kabla hujakata utepe, kuna shuka moja tumeibakiza. Mama Pasi ameshashika ncha mbili. Tunakuomba, mgeni wetu, uje ushike hizo nyingine.

Mungu akujalie afya ya mwili na utulivu wa moyo, wewe na wote wanaokungoja nyumbani.

Ni sisi,
Wafuaji wa Zamu ya Asubuhi