Marehemu Abednego Mrutu, Mtunza Bustani Aliyeng'oa Masale Yake

Ndugu waombolezaji, baba yetu Abednego Mrutu alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 huko Vudee, kwenye milima ya Upare, mtoto wa tatu wa mzee Fanueli na mama Dorkas, akasoma shule ya misheni hapo hapo kuanzia 1941 hadi alipomaliza darasa la nne mwaka 1944, ingawa mwalimu wake alilalamika kwamba mwili wa mtoto huyu uko darasani na macho yake yako nje, yanafuata ukungu.

Mwaka 1951 alishuka Makanya kukata mkonge, tarehe 7 Septemba 1957 akafunga ndoa na Ernesta kanisani Vudee, wakajaliwa watoto wawili, sisi Careen na Vitus, na tarehe 1 Julai 1964 akaajiriwa kutunza bustani ya mji hapa Same, kipande cha vumbi ambacho yeye peke yake alikiona kijani, akakimwagilia maji ya kufulia aliyoyaomba kwa majirani, mpaka miti ya mikrismasi ikakubali kukua, na kila mchana mama yetu Ernesta alimletea chakula, wakala pamoja kivulini.

Mwaka 1987, biashara zilipofunguliwa na vibanda vya mitumba vikawa vinaota kama uyoga, marehemu aliogopa bustani italiwa, akaizungushia mimea ya masale pande zote, kama tunavyofanya kwenye mipaka ya mashamba na makaburi ya wazee wetu, na hapo, tuseme ukweli mbele ya jeneza lake, alikosea, kwa sababu Mpare akiona masale havuki, watu wakawa wanaizunguka bustani kwa adabu, ikabaki tupu, vichaka vikafunga, wakaingia vibaka ambao hawajali mpaka wa mtu.

Mchana wa tarehe 22 Agosti 1989 vibaka hao walimkaba mama humo ndani akiwa na chakula cha mumewe, wakamvunja mkono, naye akaapa hatakanyaga tena mle, na baba akalia mbele yetu, akisema kuwa ni yeye aliyewafungulia njia.

Kung'oa masale si jambo dogo kwetu, kwa hiyo alikwenda kwanza kuomba ruhusa ya wazee Vudee, kisha akaitisha msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, akipuliza baragumu katikati ya mji huku vijana wakimcheka, lakini watu walitoka na majembe, wakang'oa masale, wakafyeka vichaka, wakafungua njia nne, na wale wachuuzi aliowaogopa akawakaribisha mwenyewe pembezoni, Iddi fundi viatu na Hedwiga wa maandazi, ili macho yao yawalinde wapitao. Watoto walirudi kucheza, ila mama, kwa miaka mitano, aliendelea kuzungukia barabarani, na jambo hilo lilimuuma baba kuliko ugonjwa wa moyo uliompata Januari 1994.

Tarehe 3 Februari 1995 aliomba apelekwe bustanini, mama akamsindikiza hadi njia panda, akasimama kitambo, kisha akaingia, wakakaa benchi moja, na kabla chai ya Hedwiga haijapoa mama alikuwa amelala fofofo, mchana kweupe, pochi imelegea pajani, watu wakipita, na baba akaweka kidole mdomoni kutuashiria tusimwamshe, akakaa hivyo saa nzima kama mtu aliyemo ndotoni.

Alifariki nyumbani tarehe 11 Februari 1995, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotoa maji yenu, wafanyakazi wenzake, na wachuuzi mliofunga biashara leo.

Pumzika kwa amani, Baba, nasi hatutakuamsha.