Dk. Motaleb na Uvimbe Uliozikwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye hadubini ya hospitali yetu ya meno hapa Barishal, Dk. Motaleb Sarkar anastaafu Alhamisi, tarehe 30 Juni. Nimeombwa niandike maneno haya ya kumuaga kwa furaha. Najaribu, lakini hakuna aliyeajiriwa kukalia kiti chake.

Alipofika, alikuta sampuli za wagonjwa zimerundikwa kwenye makopo ya biskuti. Akazipanga zote, moja moja. Alikunywa chai ya vijiko vinne vya sukari huku akiwagombeza watu kuhusu meno yao. Wapasuaji walimwita Kaka Subira, maana hakutoa jibu kabla ya kutazama mara tatu.

Kwetu, chupa yenye nyama iliyokatwa ilikuwa ikipelekwa maabara na ndugu wa mgonjwa. Mwaka 2014 mwalimu Jorina Khatun alitolewa uvimbe wa maji tayani. Mama yake akapewa chupa, akaenda nayo nyumbani, akaizika nyuma ya jiko kwa dua. Kwake, kiungo cha Muislamu hakitupwi. Mpasuaji naye hakungoja majibu. Akaandika kuwa ni uvimbe wa kawaida.

Miaka mitatu baadaye uvimbe ukarudi. Safari hii Dk. Motaleb alidai aletewe ngozi yote ya uvimbe huo, si kijinyama tu. Akaona vitezi na seli za ute mahali pasipo pake. Ni uvimbe wa aina adimu sana, na hurudi usipokatwa pamoja na mfupa unaouzunguka. Jibu lilikuwa sahihi, lakini nusu ya taya ilikuwa imeshaliwa, ikaondolewa. Jorina hafundishi tena. Watoto hawamwelewi akisema.

Mama yake alikuja maabara.

"Daktari mwanangu, ni mimi niliyemponza?"

"Hapana, mama. Ni sisi. Tulikupa chupa, hatukukuambia ni ya nini."

Daktari aliporudi kwenye hadubini alilia, nasi tukajifanya tunaosha vioo. Tangu siku hiyo alishuka ngazi mwenyewe kila alasiri kuzifuata chupa kwa wapasuaji. Hakuna nyingine iliyopotea.

Nimeuandikia uongozi barua nne kuomba mrithi wake. Sijajibiwa hata moja. Kuanzia Jumamosi chupa zitarudi mikononi mwa ndugu.

Ahsante, Kaka. Upumzike, uishi kwa afya na amani. Ukimkuta mama yeyote barabarani na chupa mkononi, tafadhali mrudishe kwetu, ingawa sijui nani atampokea.